Gumba linataka nafasi kabla ya nguvu

Sisi tunaotia hina tuna misimu yetu ya mavuno: Shaabani, watu wanapokimbilia kuozesha kabla Ramadhani haijaingia, na Mfunguo Mosi, wanapoozesha waliochelewa. Misimu hiyo mimi hutoka nyumbani Mji wa Kale, Mombasa, baada ya Alasiri na kurudi usiku mkubwa, vidole vikinukia mafuta ya karafuu. Bibi harusi peke yake, mikono mpaka viwikoni na miguu mpaka chini ya magoti, hunichukua saa nne au tano. Nikimaliza yeye kuna shangazi zake, dada zake, na watoto wanaolia wakitaka ua moja tu kiganjani.

Shaabani ya mwaka juzi nilikuwa nyumba moja Makadara, nachora shina la ua juu ya mkono wa bibi harusi. Mstari ukatetemeka. Nikaufuta kwa pamba, nikachora tena, ukatetemeka tena. Mara pale chini kabisa ya gumba, si nchani wala si kwenye fundo la kati, bali pale linapokutana na kifundo cha mkono, pakachoma kama msumari, na koni ya hina ikanitoka. Niliidaka kwa mkono wa kushoto kabla haijagusa nguo yake. Bibi harusi alikuwa anaangalia simu, hakuona. Mama yake aliona, akanyamaza, akanisogezea kikombe cha kahawa.

Nilikuwa na miaka 53. Na kusema kweli gumba lilikuwa limenipigia hodi siku nyingi, mimi ndiye sikuitika. Kufuli ya mlango wa chini nilikuwa nimeanza kuifungua kwa mikono miwili. Chupa za maji nilikuwa nampa mjukuu azifungue. Vifungo vya kanzu ya mume wangu nilivifunga kwa kidole cha shahada na cha kati, gumba nikaliweka kando kama mgeni. Kila jambo nililipa sababu yake: kufuli imeshika kutu kwa upepo wa bahari, vifuniko vya siku hizi vinakazwa kupita kiasi.

Baada ya usiku ule wa Makadara nilipoteza karibu mwaka mzima kwa makosa mawili, na nayaeleza kwa kirefu kwa sababu wanawake wenzangu bado nawakuta ndani yake. Kosa la kwanza, nililipumzisha kabisa. Nililifunga kwa kitambaa wiki tatu, hata mwiko nikawa naushika kwa ngumi. Nilipolifungua, maumivu yalikuwa yamepungua kidogo, lakini gumba lilikuwa limejibana kiganjani. Nikitaka kushika bilauri halipanuki. Kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Muuzaji wa duka moja la dawa aliniambia mkono umekosa nguvu, ninunue mpira niwe naubana. Nikabana mpira wa tenisi asubuhi na jioni, mara hamsini hamsini, meno nimeyauma, nikiamini kwamba kuuma ndiko kupona. Mwezi wa pili hata kijiko cha chai kilikuwa kinaniliza.

Mama yangu, aliyekuna nazi maisha yake yote, aliuangalia mkono wangu akasema: bandu bandu huisha gogo. Alimaanisha mfupa umeliwa na kazi, na kwamba nishukuru nimeutumia katika halali. Nilimwamini. Ndivyo wengi tunavyoamini hapa kwetu: kila kiungo kinachouma ni baridi, baridi hutokana na maji na uzee, na dawa yake ni mafuta ya moto na subira.

Aliyenitoa huko ni binti mmoja wa fiziotherapia, umri wa mwanangu wa mwisho. Nilikwenda kwake kwa ajili ya bega. Alipomaliza bega akaniona ninavyoishika kalamu kutia sahihi. "Khalati, hebu nipe mkono huo." Hakuubinya wala hakuuvuta. Aliniambia nikutanishe ncha ya gumba na ncha ya kidole cha shahada nifanye duara. Nikafanya. "Sasa liangalie duara lako."

Nikaliangalia. Halikuwa duara. Fundo la kati la gumba lilikuwa limebonyea kwa ndani, ncha imejikunja kama ndoana, na pale chini kwenye kifundo kulikuwa na kinundu ambacho miaka yote nilidhani nimezaliwa nacho. Umbo zima lilifanana na herufi Z. Naye akafanya lake: duara safi, kila fundo limepinda kidogo, kama mtu aliyeshika bangili kwa ndani.

Kiungo kinachouma, akanieleza, ni cha mzizi wa gumba, pale mfupa wa kwanza wa kiganja unapokalia kimfupa kidogo cha kifundo kiitwacho trapezi. Nyuso zao zina umbo la tandiko. Fikiria matandiko mawili ya punda, moja limepinduliwa juu ya mwenzake na kugeuzwa msalaba. Kwa umbo hilo gumba linakwenda mbele na nyuma, linatoka kando na kurudi, tena linazunguka likavikabili vidole vingine. Ndilo linalotuwezesha kutunga sindano uzi. Lakini tandiko halina kuta. Nyonga imo ndani ya shimo lake, gumba linashikiliwa na kano na misuli tu. Kano zikilegea, mfupa wa juu huteleza ukingoni, na gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, likabeba uzito mahali lisipopaswa. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake, hasa baada ya hedhi kukoma, na huweza kufuata damu ya ukoo.

Hapo ndipo aliponisahihishia methali ya mama. Kiungo si gogo. Hakiliki tu kama soli ya kiatu. Kina uhai, hujaribu kujitengeneza, huota vijifupa pembeni, huvimba, hutulia. Gegedu lililokwisha halirudishwi na mazoezi, na anayekuahidi hilo anakudanganya. Lakini maumivu nayo hayaendi sambamba na picha: wako wenye eksirei mbaya wasiolalamika, na wako wenye eksirei ya kawaida wasiopata usingizi. Tunachoweza kukibadilisha ni ile misuli inayoliweka gumba juu ya tandiko lake, na namna tunavyolitumia.

Kisha akanipa hesabu ambayo sijaisahau. Mwaka 1977 watafiti wawili, Cooney na Chao, walikokotoa nguvu zinazopita ndani ya gumba. Ukibana kitu nchani kwa nguvu ya kilo moja, pale kwenye mzizi kiungo kinabeba karibu kilo 12. Niliporudi nyumbani nikachukua mizani ya jikoni, ile ninayopimia unga wa mahamri, nikaibana kwa gumba kama ninavyoibana koni iliyoanza kuziba. Mshale ukaenda karibu nusu kilo. Nikakaa chini. Nusu kilo nchani ni kilo sita mzizini: pakiti tatu za unga wa ngano zimekalia kimfupa kidogo, tangu Isha hadi usiku wa manane, miaka 30.

Na mpira wa tenisi je? Shika nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada, ule utando. Ndani yake mna msuli mnene ambao kazi yake ni kulivuta gumba kuelekea kiganjani. Kila kubana kunautumia huo. Wangu ulikuwa mgumu kama kamba ya jahazi. Unavyozidi kuivuta ncha kwa ndani, ndivyo mzizi unavyosukumwa nje ya tandiko, na ndicho kile kinundu nilichokiona. Mimi nilikuwa namlisha mnyama yule yule aliyekuwa ananila. "Kubana unabana kutwa nzima, khalati," binti akasema. "Gumba lako linataka nafasi kwanza. Nguvu baadaye."

Maneno hayo ndiyo yaliyogeuza mkono wangu, na kila zoezi nitakaloeleza hapa limetoka humo. Ila kabla hujaanza, mtu anayejua viungo aushike mkono wako walau mara moja, kwa sababu si kila gumba linalouma lina ugonjwa huu. Mama anayenyonyesha ambaye maumivu yanapanda upande wa kifundo cha mkono anapoficha gumba ndani ya ngumi na kuinamisha mkono, huyo huenda ni kano zake zilizovimba. Gumba linalokwama likikunjwa kisha likachomoka kwa mlio, ni jambo jingine pia. Ganzi ya vidole inayokuamsha usiku ni ya mshipa wa fahamu. Na ukiamka viungo vingi vimekakamaa zaidi ya nusu saa, vimevimba na vina joto, usikae nyumbani na makala yangu, nenda kwa daktari.

Mimi huanza na maji. Bakuli la maji ya uvuguvugu, yale ambayo ungemwogeshea mtoto, dakika tano mpaka kumi. Asubuhi mara nyingi huyapata bure, naosha vyombo vya chai kwa maji ya moto kidogo na mkono unakuwa tayari. Mkono wa baridi usiulazimishe.

Baada ya maji ni ule utando. Wengi huambiwa wauchue kwa gumba na kidole vya mkono wa pili, lakini ikiwa magumba yote mawili yanauma, unaponya moja kwa kuliumiza jingine. Binti yule alinifundisha kutumia kibanio cha nguo. Chagua kile cha mbao kilicholegea, au kifungie kitambaa kwenye meno yake. Kibanishe katikati ya utando, kwenye nyama na si kwenye ukingo wa ngozi, kikae nusu dakika mpaka dakika moja, huku gumba likijilegeza. Utahisi uzito unaosambaa, kama mtu anakukanda shingo. Kitoe, kisogeze kidogo kuelekea kiganjani, kirudishe. Mara tatu nne zinatosha. Kinachouma vibaya kisiwekwe: kikikata au kikikutia ganzi, toa. Na mwenye kisukari ambaye vidole vyake vimepungua hisia aache kabisa zoezi hili, kwani hatajua kama ngozi inaumia. Asubuhi moja mjukuu wangu alinikuta jikoni, birika liko motoni na kibanio kinaning'inia mkononi, akasimama mlangoni akaniuliza, "Nyanya, mbona umeanika mkono?" Siku hizi yeye ndiye huniletea kibanio bila kuitwa.

Utando ukishalainika, lifungue gumba. Weka mkono wako kama unataka kushika bilauri pana, umbo la herufi C. Gumba litoke mbele ya kiganja, likae mbali na kidole cha shahada, na mafundo yake yote yapinde kidogo, lisinyooke kama fimbo. Shikilia kwa kuhesabu mpaka tano taratibu, legeza, rudia mara kumi. Mwanzo mimi nilishindwa kulipata umbo hilo bila kitu mkononi, basi nikaweka bilauri ya kweli, nikaizungushia mkono bila kuibana, halafu nikaitoa kwa mkono wa pili na kubaki na umbo lake. Hili ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote. Ukifanya moja tu kwa siku nzima, fanya hili.

Kutoka kwenye C nenda kwenye duara. Leta ncha ya gumba ikutane na ncha ya shahada, polepole, ukiangalia. Wakati wa kugusana fundo la kati lisibonyee ndani. Likibonyea, umebana mno. Rudi nyuma, gusa kwa wepesi kama unavyogusa karatasi ya msahafu. Kisha kidole cha kati, cha pete, na cha mwisho. Mimi kidole cha mwisho sikukifikia mpaka mwezi wa pili, na sikukilazimisha. Kazi yote ya zoezi hili iko machoni. Mtu anayelifanya huku anatazama televisheni atarudi kwenye Z yake bila kujua.

La nne halimhusu gumba mwenyewe, linamhusu jirani yake, na kwa muda mrefu sikulielewa. Laza kiganja juu ya meza. Sogeza kidole cha shahada peke yake kuelekea upande wa gumba, mbali na kidole cha kati. Gumba litulie. Ukiangalia mgongo wa mkono utaona kijimsuli kinainuka kati ya gumba na shahada, kama samaki anayepita chini ya maji. Huyo ndiye rafiki wa gumba: anapokaza, huuvuta mzizi urudi kitini pake. Shikilia mpaka tano, legeza, mara kumi. Wiki mbili tatu baadaye weka kidole cha mkono wa pili ubavuni mwa shahada, kiwe kizuizi chepesi. Baadaye zaidi mpira wa kufungia noti, umevishwa shahada na kidole cha kati, nawe unavitenganisha. Uvalishe karibu na mizizi ya vidole, na uchague uliochoka. Ule mpya una nguvu kuliko unavyohitaji.

Mara mbili kwa siku, dakika kumi kila mara. Mimi ni baada ya Alfajiri na kabla ya kutoka kwenda kazini. Kanuni ya maumivu niliyopewa ni hii: kuvutika na kuchoka kwa msuli ni sawa, maumivu makali si sawa, na maumivu yaliyobaki saa mbili baada ya kumaliza yanakwambia umezidisha. Siku ya pili punguza nusu, usiache. Nimeacha mara nyingi, najua kishawishi chake. Siku mkono unapouma unasema leo nipumzike, siku usipouma unasema sina haja.

Niliona tofauti wiki ya saba au ya nane. Haikuja kwa kishindo. Nilifungua kufuli ya mlango wa chini kwa mkono mmoja, nikapanda ngazi, nikafika juu ndipo nikakumbuka kuwa nimeifungua.

Lakini mazoezi ya dakika 20 hayawezi kushinda saa kumi za kubana. Ilinibidi nibadilishe kazi yenyewe, na hapa nitajiruhusu kuzungumza na mafundi wenzangu. Koni yangu zamani niliijaza mpaka juu, unga ukiwa mzito, tundu dogo kama ncha ya sindano kwa ajili ya mistari ya nywele. Sasa naijaza nusu tu. Hina iliyokwisha kulowa naichuja kwa soksi nyepesi ya nailoni, mara mbili, mpaka isibaki chembe, kwa sababu chembe moja ikiziba tundu ndipo unapobana kwa kilo zako zote. Mistari minene nina koni yake yenye tundu pana. Koni naikalisha kiganjani, vidole vyote vinaisukuma kutoka nyuma, na gumba linaielekeza tu. Wiki za mwanzo kazi yangu ilikuwa mbaya, wateja wawili walinong'ona, na nilitaka kurudia zamani. Baada ya mwezi mkono ukajifunza. Na kila bibi harusi akienda kuswali au kula, mimi nafanya C yangu mara tano badala ya kuingia kwenye simu.

Simu nayo ina kesi yake ya kujibu. Kuandika ujumbe kwa gumba huku mkono ule ule umeishika ni mojawapo ya kazi ngumu unazoweza kulipa gumba bovu. Iweke mezani, andika kwa shahada, au tuma sauti; watu wa Mombasa tunapenda kusikia sauti hata hivyo.

Jikoni kwetu Pwani mtihani mkubwa ni tui. Kukuna nazi juu ya mbuzi kunachosha bega zaidi, ila kukamua kifumbu ni kubana na kusokota kwa pamoja, hakuna kitendo kinachouchukiza zaidi mzizi wa gumba. Sitasema tuache nazi, itakuwa ni kutuambia tuache kula. Mimi sasa naisaga kwenye blenda kwa maji ya uvuguvugu, naimimina juu ya chujio, na naikandamiza chicha kwa mgongo wa upawa, uzito ukitoka kwenye kiganja na bega. Tui la kwanza linatoka zito kiasi cha kupikia samaki wa kupaka. Mama amelionja, hakusema kitu, akaongeza wali. Sufuria siiinui tena kwa kubana ukingo. Naiingizia viganja viwili chini na vitambaa. Leso nikizifua nazitundika kwenye bomba la mfereji, nazisokota kwa viganja. Mfuko wa soko la Marikiti unakaa kwenye kigasha, haushikwi na vidole. Ufunguo wa kufuli nimeufungia kijiti kinene cha mbao, ukigeuza unageuza kijiti. Kalamu, mwiko na mswaki nimevizungushia kitambaa vinenepe, kwa sababu kitu chembamba kinalazimisha kubana na kinene kinashikwa kwa mkono mzima.

Watu huniuliza pia kuhusu dawa. Mwongozo wa shirikisho la Ulaya la magonjwa ya viungo, EULAR, uliohuishwa mwaka 2018, unataka kila mgonjwa aelimishwe namna ya kutumia mkono wake na afikiriwe mazoezi. Kwenye dawa unatanguliza ya kupaka kabla ya vidonge. Jeli ya diclofenac, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, inapatikana kwenye maduka yetu ya dawa na mimi huipaka siku za harusi. Vidonge vya kundi hilo vikimezwa kila siku huumiza tumbo na figo na kupandisha presha, kwa hiyo tusivinunue kama peremende. Kuna pia lile ganda la kitambaa kigumu au plastiki linaloshika mzizi wa gumba na kuacha vidole huru. Linasaidia, lakini kwa muda mrefu, si kwa kulivaa siku mbili na kulitupa. Mimi nalivaa nikilala na nikipanga nyumba, nikienda harusini silivai, nami sasa najua kuwa kulifunga gumba na kulifanyisha mazoezi ni ndugu wawili, mmoja hatoshi bila mwenzake. Upasuaji upo, wa kukitoa kile kimfupa cha trapezi, kwa wale ambao yote haya yameshindwa. Sijaufikia, na Mungu akipenda sitaufikia.

Kinachoniuma ni wasichana. Ninao wanafunzi wawili wa hina, mmoja wa Kibokoni na mmoja anavuka feri kutoka Likoni, miaka 19 na 22. Magumba yao ni mepesi kama majani. Nilipowaambia wafanye mazoezi ya C waliitikia kwa adabu na hawakufanya. Sasa siwaambii. Hatuanzi kuchuja hina mpaka sote watatu tumefanya duara mbele ya dirisha, nami natazama mafundo yao kama ninavyotazama mistari yao. Yule wa Likoni fundo lake tayari linabonyea kidogo kwa ndani akibana. Nimempa koni nene zaidi.

Ni yeye aliyempelekea habari khalati yake, mshonaji, ambaye mkasi umemshinda tangu Mfunguo Tatu iliyopita. Hatujaonana. Nimemtumia mazoezi kwa sauti, moja moja, nikamwomba anipigie picha mkono wake akiwa amefanya duara, kwa pembeni, karibu na mwangaza. Picha ilifika jana baada ya Isha. Ni mkono mzuri, wenye alama ya sindano kwenye shahada, na duara lake ni Z kama langu lilivyokuwa. Nimemjibu aache duara kwa sasa, atafute bilauri pana kuliko zote nyumbani, na kibanio cha nguo kilicholegea. Ijumaa navuka feri, nitakwenda kumwona.